Chupa Haikatiki: Dalili, Sababu na Tiba

Katika mchezo wa kukata kwa upanga chupa za plastiki zilizojaa maji, pigo likishindwa, okota chupa kwanza. Kabla hujashika kinoo, kabla hujaongeza nguvu, iokote uigeuzegeuze, maana kila kosa la mkono limebaki limechorwa kwenye plastiki. Chupa za maji na soda zina tabia moja inayotusaidia sana: plastiki yake ikivutwa au kukunjwa hugeuka nyeupe, lakini ikikatwa na makali hubaki angavu. Anayejua kusoma weupe huo habahatishi.

Mkato safi wa mlalo unajitangaza wenyewe. Kipande cha juu kinateleza na kudondoka karibu na stendi. Kipande cha chini kinabaki kimesimama pale pale kilipowekwa, maji yamejaa hadi ukingoni, na ukingo wenyewe hauna nyuzi wala weupe. Hicho ndicho kipimo cha kukubaliana kabla shindano halijaanza. Chupa iliyogawanyika mara mbili lakini ikarushwa mita 3 imechanwa kwa nguvu tu, isipewe alama sawa na ile iliyobaki imesimama.

Mpini unacheza: simamisheni mchezo

Dalili hii inatangulia zote kwa sababu ndiyo inayoweza kuua. Kabla ya zamu yake, kila mshiriki aelekeze ncha juu, apige mwisho wa mpini kwa kiganja, asikilize. Upanga mzima hutoa mlio mmoja na kunyamaza. Ukisikia kitu kinagongagonga ndani, kama njugu kwenye kopo, upanga huo hauingii uwanjani.

Kwenye katana, yaani upanga wa Kijapani, mshukiwa wa kwanza ni kigingi cha mwanzi kinachopita katikati ya mpini. Ni kijiti kidogo, lakini ndicho kinachozuia chuma kisichomoke mkononi. Kikilegea au kikipasuka, chonga kingine cha mwanzi mkavu, kidogo kidogo, hadi kiingie kwa kugongwa taratibu. Kwenye upanga wa Kizungu wa mikono miwili, angalia kirungu kilicho mwisho wa mpini. Kama kimefungwa kwa skrubu, kikaze. Kama msuka, ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini, umefuliwa juu yake na bado kinacheza, hiyo ni kazi ya fundi, si ya siku ya mchezo.

Upanga wa kutundika ukutani hauna tiba. Mara nyingi ni wa chuma kisichoshika kutu, ambacho kinafaa kisu cha jikoni lakini kwa urefu wa upanga hukatika badala ya kunepa. Msuka wake huwa ni chuma chembamba kama msumari mkubwa, kimechomelewa kwenye shina. Kikiachia katikati ya pigo, kipande cha mbele kinaruka kuelekea kule upanga ulikokuwa unakwenda. Kwa hiyo hata panapotumika upanga mzuri, watazamaji wakae nyuma ya mkataji, mita 5 au zaidi, na pasiwe na mtu yeyote kwenye njia ya pigo. Upanga mmoja tu uwe nje ya ala kwa wakati mmoja. Mtu asimrushie mkataji chupa hewani. Na mtoto asitumwe kuokota vipande kabla upanga haujarudi alani.

Chupa inaruka nzima

Hili ndilo linalowapata wageni wote: amepiga kwa nguvu zake zote, chupa imeruka na kutua na kifuniko chake. Wa kwanza kulaumiwa ni upanga, kwamba ni butu. Huenda ni kweli, ila tazama alama.

Ukiona kibonyeo kipana, upana wa vidole viwili au zaidi, chenye mikunjo myeupe juu na chini, umepiga kwa bapa. Upanga unakata pale tu makali yanapoelekea kule kule upanga unakokwenda. Yakikengeuka nyuzi chache, chuma kinasukuma plastiki badala ya kuipasua, nacho chenyewe kinanepa na kulizidisha kosa. Wengi hushika upanga kwa ngumi iliyokazwa kama ya kushikia nyundo, kisha katikati ya pigo kifundo cha mkono kinajisokota kutafuta nafuu. Mtu aliyekulia na panga la shambani huteswa na jambo hili kuliko asiyewahi kushika chochote. Panga la shambani ni fupi, uzito wake uko mbele, na linavumilia kupigwa kombo. Upanga wa sentimita 70 hadi 90 hauvumilii.

Tiba yake ni ya polepole. Laza mpini kiganjani kwa mshazari, vidole viwili vya mwisho ndivyo vishike, vya mbele vielekeze tu. Shusha upanga kutoka begani hadi makali yaguse chupa, ukihesabu hadi 10. Mwenzako asimame mbali nyuma yako na atazame kama mgongo wa upanga unayafuata makali kwenye mstari mmoja. Rudia mara 20 bila kukata chochote, kisha ongeza mwendo. Kama upanga wako una mfereji ubavuni, sikiliza: makali yakinyooka unavuma kwa mluzi mkali, yakikengeuka sauti inakuwa nzito au inapotea. Upanga usio na mfereji hauvumi sana hata ukienda sawasawa, kwa hiyo huo usiupime kwa masikio.

Umbo la mpini nalo lina sehemu yake. Mpini wa mviringo kamili haukuambii makali yako wapi. Mpini wa umbo la yai unakuambia hata gizani. Wenye mviringo unaweza kuusaidia kwa kuvingirisha uzi mnene upande wa makali, mstari mmoja tu, na kuufunika kwa utepe wa nguo, ili kidole kipate alama ya kufuata.

Ukiona mstari mwembamba kama mkwaruzo wa ukucha, umenyooka lakini haukufunguka, hapo mkono wako ni mzuri na tatizo liko kwenye makali au mwendo. Ning'iniza karatasi ya kawaida ya kuchapishia, uikate kwa sehemu ile ile ya upanga unayokatia chupa. Ikichanika badala ya kukatika, upanga unahitaji kinoo: anza na namba 400, malizia na 1000, pembe ya nyuzi 20 hivi kila upande, kisha pitisha makali kwenye ngozi ili kuondoa ulimi mdogo wa chuma uliobaki. Usitumie mashine ya kusaga. Makali yakibadilika rangi kuwa ya kahawia au bluu, moto umekwisha kuyalegeza, na hayatashika tena ukali mpaka chuma hicho kiondolewe chote. Kama karatasi inakatika vizuri, basi ni mwendo: ulikuwa unaibembeleza chupa.

Ukiona chupa imejikunja yote kama kopo lililokanyagwa, kosa si la upanga. Haikujaa. Maji ndiyo yanayoipa chupa uzito wa kukaa mahali pake na kuivimbisha plastiki iwe ngumu mbele ya makali. Ijaze mpaka mdomoni, ibinye kidogo maji yafurike, kisha funga kifuniko ukiwa bado umeibinya. Igeuze kichwa chini. Povu la hewa likizidi ukubwa wa sarafu, fungua uongeze. Chupa ya lita 1.5 iliyojaa hivi ina kilo moja na nusu, na hiyo ndiyo ya kuanzia. Ya nusu lita ni nyepesi mno, inakimbia mbele ya upanga, na inafaa raundi za mwisho.

Na kama chupa imeanguka bila alama yoyote isipokuwa mkwaruzo begani mwake, ulikuwa mbali. Sogeza mguu wa mbele sentimita 15 na upige tena.

Chupa zenyewe hazilingani

Plastiki ya chupa ya maji ni nyembamba kuliko ya soda. Ya soda imetengenezwa kuhimili gesi, na kitako chake chenye miguu mitano ni kigumu kuliko tumbo lake. Pigo likishuka mpaka pale linakwama. Kata tumboni. Chupa zenye mbavu kata katikati ya mbavu mbili. Lebo ibanduliwe, maana ile ya nailoni hujifunga kwenye makali na kuburuta chupa nzima. Dumu la mafuta ya kula si shabaha: plastiki yake ni nene na ya kunata, inabana upanga pande zote mbili. Soda yenye gesi isitumike, wala maji ya moto, ambayo hulegeza plastiki. Na washindani wote wapewe chupa za aina moja, la sivyo hamjui mnapima nini.

Upanga unaingia, kisha unaibeba chupa

Hapa chupa imekatika nusu, halafu imeng'ang'ania kwenye chuma na kwenda nayo. Angalia ukingo: upande upanga ulipoingilia ni angavu, upande wa pili ni mweupe na umechanika. Mahali weupe unapoanza ndipo mambo yalipoharibika.

Ukianza katikati kabisa, mara nyingi mkataji amelenga chupa yenyewe. Mkono wake umeanza kufunga breki pale alipoiona chupa, kama anayepasua kuni akijua kigogo kiko chini. Lenga mahali palipo nusu mita nyuma ya chupa, na pigo liishie huko. Kumbuka tu mguu wa mbele: pigo la mshazari linaloshuka lisimalizikie kwenye muundi wako. Mguu unaotangulia uwe upande pigo linakotokea, si upande linakokwenda.

Weupe ukianzia mapema zaidi, karibu na upande wa kuingilia, ulikata kwa sehemu isiyofaa ya upanga. Karibu na mpini chuma kinakwenda polepole. Nchani kabisa kina kasi lakini hakina uzito wa kutosha nyuma yake. Sehemu inayokata vizuri iko theluthi ya mwisho, na kila upanga una mahali pake. Kuipata si kazi: shika upanga kwa mkono mmoja bila kukaza, ncha juu, gonga kirungu kwa kiganja cha pili na utazame chuma kikitetemeka. Kuna mahali ambapo mtetemo unaonekana umesimama. Weka kipande cha utepe mgongoni mwa upanga hapo. Kata kwa sehemu hiyo na vidole vichache kuelekea nchani.

Umbo la ncha linabadilisha hesabu hii. Kitara cha wapanda farasi wepesi wa Uingereza cha mwaka 1796, kilichobuniwa na John Gaspard Le Marchant, kinapanuka kuelekea ncha, ndiyo maana kinakata hata sentimita chache tu kutoka mwisho. Upanga mrefu wa karne ya 15 uliochongoka kwa ajili ya kuchoma, ule ambao katika mpangilio wa Ewart Oakeshott, mtafiti wa panga za kale, unaitwa aina ya XVa, nchani hauna upana bali una unene. Huo utaibeba chupa ukiikatia mwisho, hata ukiwa mkali kama wembe. Si upanga mbaya. Ulitengenezwa kwa kazi nyingine, na anayeutumia hana budi kusogea karibu zaidi.

Wapo watakaotaka kuleta kitara cha razha, ile ngoma ya Oman ya wanaume na panga zao. Chuma cha upanga wa ngoma hiyo ni chembamba na kinanepa kwa makusudi, ili kitikiswe na kuvuma. Kwenye chupa kitayumba kushoto na kulia. Kiachwe kwenye ngoma, ndiko kinakopendeza.

Mkato umepinda

Chupa imekatika, kipande cha chini kimesimama, lakini ukingo umepanda kama tabasamu au umeshuka kama kijiko. Wengi hupuuza kwa sababu alama wameshapata. Sisi tunaliona hili kuwa kosa la kushughulikiwa kuliko mengine, kwa sababu chupa ina upinzani mdogo na upanga mkali unaweza kulificha kwa miezi. Nchini Japani wanaojaribu upanga hutumia mkeka wa tatami ulioviringishwa na kuloweshwa, na mkeka huo hauwezi kudanganywa: pigo likijipinda ndani yake, upanga unakwama.

Ukingo uliopanda mwishoni ni mkono ulioanza kuvuta juu kabla upanga haujatoka, au kiwiko kilichokunjwa mapema. Ukingo ulioshuka ni kifundo cha mkono kilichojilaza, au mtu aliyeinama kuifuata chupa kwa macho. Weka chupa mbili juu ya stendi moja baada ya nyingine, ukate ya kwanza kwa mwendo nusu na ya pili kwa mwendo kamili, kisha linganisha kingo. Kama kosa liko kwenye ya pili peke yake, ni nguvu iliyozidi. Legeza bega, acha kiuno kigeuke kwanza na mkono ufuate.

Imekatika vizuri, lakini kitako kimeanguka

Tikisa stendi kwa kidole kabla hujajilaumu. Ikicheza, hiyo ndiyo sababu. Stendi nzuri ni nguzo ya mbao ya sentimita 10 kwa 10, imesimikwa kwenye msalaba wa mbao chini, na mfuko wa mchanga wa kilo 20 umelazwa juu ya msalaba huo. Kichwa chake kiwe na upana sawa na wa kitako cha chupa au kiuzidi kidogo tu, kisiwe meza pana, ili pigo la mshazari lipite bila kugonga mbao. Sentimita 15 za juu zisiwe na msumari wala skrubu. Siku moja upanga utashuka hapo, na mbao laini inasamehe, chuma hakisamehi. Kwa mkato wa mlalo, katikati ya chupa iwe usawa wa kitovu hadi kifua; kwa mshazari shusha stendi hadi kitako cha chupa kiwe usawa wa nyonga.

Kama stendi ni imara, tazama ulikata wapi. Ukikata chini sana unaacha maji machache, na kitako chepesi husombwa kirahisi. Kata theluthi ya juu ili kilo nzima ibaki chini ikishikilia. Tazama pia mwelekeo: pigo linaloshuka kidogo linaikandamiza chupa kwenye stendi, pigo linalopanda linainyanyua. Pigo la kupanda kutoka chini ni zuri sana likifanikiwa, lakini lipewe alama zake peke yake.

Ya kwanza inakatika, ya pili inaruka

Kwenye raundi ya chupa tatu au tano kwa mpigo mmoja, mara nyingi chupa zimegusana. Ya kwanza ikisukumwa hata kidogo inaiyumbisha ya pili kabla makali hayajafika. Ziachanishe kwa upana wa ngumi. Ubao mrefu ulioegemezwa ncha mbili nao hudunda katikati pigo la kwanza likitua. Uwekee mguu wa tatu. Vyote hivyo vikiwa sawa, basi umbali ndio tatizo: upanga unazunguka kwa duara, chupa zimepangwa kwa mstari, kwa hiyo ya mwisho inakatwa na nchani au na shinani. Zipange kwa upinde mdogo unaoufuata mkono.

Mwanzoni ulikata, sasa hukati

Futa mpini. Maji ya chupa tatu yanatosha kuufanya uteleze, na mpini unaoteleza unageuza makali bila wewe kujua. Kila mkataji awe na kitambaa kikavu kiunoni. Ardhi nayo imelowa; sogezeni stendi mita 2 kila raundi badala ya kusimama kwenye tope. Kisha pumzika. Upanga wa mikono miwili una kilo 1.3 hadi 1.6, na mkono ukichoka unaanza kukaza, na ukikaza unasokota. Mikato 10 mfululizo inamtosha asiyezoea.

Bado hukati? Pitisha kipande cha pamba taratibu kutoka mgongoni kwenda makalini, pande zote mbili. Kikinasa nyuzi mahali fulani, makali yamejikunja hapo, pengine kwa kugusa stendi.

Upanga umepinda

Shika mpini usawa wa jicho, utazame mgongo wake hadi nchani kama fundi anavyotazama ubao. Katana ya asili ina makali magumu na mgongo laini, kwa hiyo ikipiga kwa bapa huwa inapinda na kubaki imepinda. Upanga wa chuma cha springi hunepa na kurudi, ila nao ukipita kiasi hubaki kombo. Usiunyooshe kwa goti. Goti hukunja mahali pamoja, na pindo moja linakuwa mawili. Unyooshwe na anayejua, kwa vipande vya mbao vinavyokamata mbali na pindo, kidogo kidogo.

Madoa siku ya pili

Mistari myembamba ubavuni mwa upanga ni mikwaruzo ya plastiki, na anayekata chupa aikubali, haidhuru kazi. Madoa ya kahawia ni jambo jingine. Chuma cha upanga wa kazi hushika kutu kwa usiku mmoja, hasa kwenye joto la pwani, na maji huingia pale chuma kinapokutana na kinga ya mkono. Baada ya chupa ya mwisho futa kuanzia mgongoni, acha upanga ukauke ukiwa nje ya ala ncha ikitazama chini ili maji yasiteremke mpinini, kisha paka mafuta mepesi ya mashine, tone tatu nne kwa upanga mzima. Ukiona maji ya rangi ya kutu yanachuruzika kwenye ungio la mpini, au mbao ya mpini imevimba na kupasuka, usikate tena na upanga huo hadi mpini ufunguliwe na msuka uonekane.